Mawe ya Kujikwaa

Mtoto wa Handeni aendaye Korogwe kwa miguu ajua jinsi ilivyo kujikwaa: kidole kikigonga jiwe, mwendo hukatika, na macho huinama. Katika nchi ya Ujerumani yako mawe yaitwayo kwa jina hilo, mawe ya kujikwaa, walakini hayaumizi kidole, maana yamelazwa sawasawa na njia. Mpita njia huyaona yaking'aa, naye husimama na kuinama apate kusoma.

Kila jiwe ni kipande cha saruji, upana wake kama sentimita 10, na juu yake bamba la shaba ya manjano. Herufi hugongwa kwa nyundo, moja moja: "Hapa alikaa," kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na jinsi mtu yule alivyopatikana na mauti. Fundi aliyeanza kazi hii mwaka 1992 ni Gunter Demnig, na sasa mawe yamepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Mengi ni ya Wayahudi, kwani serikali ya Hitler iliwaua Wayahudi wapatao 6,000,000, na wengi wao hawana kaburi. Penye mlango mmoja huweza kuonekana mawe manne au matano pamoja: baba, mama, watoto, na pengine bibi. Wako Wayahudi wasioyapenda, wakisema si heshima jina la marehemu kukanyagwa. Nao wana haki ya kusema.

Huko Berlin, Brunnenstraße 193, liko jiwe la mtu wa Dar es Salaam. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, na katika vita vya 1914 alitumika katika jeshi la Wajerumani angali mtoto, kama baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wao, asilipwe. Akakaa, akawa mtumishi wa mezani, akaoa, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu.

Mwaka 1935 zilitoka sheria za kuwakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani, na Waafrika nao wakatiwa katika katazo hilo. Mwaka 1941 Mahjub alikamatwa kwa kupendana na mwanamke wa Kijerumani. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007. Lakini shaba huingia weusi kwa mvua na nyayo, kama chombo kisichosuguliwa. Kwa hiyo watu wa mitaa ile, wengine watoto wa shule, huja na vitambaa, wakapiga magoti njiani, wakasugua hata majina yakasomeka tena.