Kabla fundi avunje ngazi ya nyanya, uliza nyumba ina umri gani

Tuseme nyumba ya nyanya kule Lamu au Mji wa Kale, Mombasa, sasa iko mikononi mwenu. Ngazi imelika, kidato cha tatu kinacheza ukikikanyaga, na fundi ashatoa jibu: ng'oa yote, mwaga zege. Usimpe pesa bado.

Nyumba nyingi kongwe za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikwa na boriti za mikoko. Boriti si ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, karibu mita tatu hivi, na ngazi imebanwa kando, kali hadi mgeni apande akishika ukuta. Vidato vyake mara nyingi ni mawe na chokaa yaliyokalia boriti.

Chokaa huacha unyevu wa ukutani utoke. Ukiipiga saruji juu, unyevu unabaki ndani, chumvi inalimega jiwe, na ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza polepole bila wewe kujua. Kisha kuna uzito: zege ni mzigo ambao ukuta huo haukujengewa. Siku boriti ikikatika, huenda kuna mtoto kwenye ngazi.

Kwa hivyo tengeneza kwa chokaa. Tegemeza boriti kwa nguzo kabla ya kutoa kidato hata kimoja, badilisha iliyooza pekee, na uwe mpole. Chokaa haikauki haraka kama saruji.

Ngazi ya mbao je? Hapo adui ni mchwa. Dunga kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mbao hiyo imekwisha, lakini jirani yake huenda bado ni nzima. Na kama unaishi kwenye ploti ya zege Nairobi, ukiona ufa wenye kutu chini ya ngazi, usiuzibe kwa plasta. Chuma cha ndani kinaliwa. Ita mhandisi.

Lamu imo kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2001, kwa hivyo pitia kwanza ofisi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo karibu. Waulize pia mafundi wa chokaa wanaowajua. Ukimpata mmoja, usikae tu ukimtazama. Shika mwiko, akufunze.