Kabla Hujamwita Mwanao Mvivu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto wa darasa la tano ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, macho ukutani. Ukimwita anaitika, lakini mkono hausogei. Uji unapoa mezani. Kutoka jikoni inasikika sauti ambayo wazazi wengi, mimi nikiwamo, tumewahi kuitoa: "Mtoto mvivu wewe!"

Wanafalsafa wa Kihindu wangemtazama mtoto huyohuyo wakataja kitu kingine: tamas. Kwa Kisanskriti neno hilo maana yake ni giza. Sisi tunaopita Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, tumezoea kuyaona mahekalu ya Wahindu kwa nje, ila fikra zilizolelewa humo ni nadra kuzizungumza. Mojawapo ni hii ya guna tatu, yaani nyuzi tatu ambazo maumbile yote yamesokotwa kwazo. Sattva ni wepesi na mwanga. Rajas ni mwendo na hamu. Tamas ni uzito unaozuia na kufunika. Samkhya Karika, kitabu cha Ishvarakrishna cha yapata miaka 1,500 iliyopita, kinazifananisha na taa: utambi, mafuta na moto havifanani kwa lolote, lakini vikikutana kwa kazi moja, nuru hutoka.

Kila mtu anazo zote tatu. Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Kihindu, katika sura ya 14, inaihusisha tamas na uzembe, uvivu na usingizi, kisha inaeleza kwamba guna hizi hushindana, mara hii juu, mara ile. Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa ya elimu hii kwa mzazi. Ukisema "mvivu" umemtaja mtoto mwenyewe. Ukisema tamas umetaja hali iliyomfunika, na hali huja ikaondoka.

Guna hazipimwi maabara, wala sidai kwamba ni sayansi. Lakini zinamfundisha mzazi kuuliza: giza hili limeingilia wapi?

Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, aliorodhesha vizuizi tisa vinavyoitawanya akili. Uvivu ameuweka wa tano. Cha pili ni ule mgando wa akili ambao leo tungeuita ukungu kichwani. Na cha kwanza kabisa, mbele ya vyote, ni ugonjwa. Daktari wa watoto angeanzia palepale.

Chukua upungufu wa madini ya chuma. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni, na ubongo wa mtoto ni mlafi: akiwa na miaka mitano hivi, zaidi ya nusu ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika huishia kichwani. Zaidi ya hayo, ubongo huhitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na ari ya kuanza jambo. Mtoto aliyepungukiwa huchoka upesi, huzubaa, husahau alichotumwa. Kwa macho ya haraka, huyo ni mvivu. Nchini India kwenyewe, utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 67 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wana upungufu wa damu. Serikali huko hugawa vidonge vya chuma, hupika chakula cha mchana shuleni, na tangu 2015 ina siku maalumu ya kuwapa watoto dawa za minyoo. Tatizo la minyoo tunalijua kwetu pia: huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha katika utafiti uliochapishwa 2004 kwamba dawa hizo zilipunguza utoro shuleni kwa robo.

Gita inazungumzia chakula pia, katika sura ya 17: kilicholala na kuchacha ni cha tamas. Sina ugomvi na hilo. Lakini wafuasi wengi huongeza vitunguu na vitunguu saumu katika orodha hiyo, na hapo sayansi haina ushahidi kwamba vinaipumbaza akili ya mtoto. Anayeacha nyama kwa imani yake ana jambo zito zaidi la kuangalia. Chuma cha kunde, dengu na mchicha hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida ya chakula. Kamulia ndimu kwenye maharage, au mpe mtoto chungwa baada ya kula. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi juu ya mlo hufanya kinyume chake. Ni desturi yetu sote, Wahindu na wasio Wahindu, lakini kikombe hicho kisogezwe mbali na sahani ya mtoto.

Kisha usingizi. Gita, sura ya 6, inasema yoga haimfai anayelala kupita kiasi wala anayekesha. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa viwango 2016: saa 9 hadi 12 kwa mwenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa 13 hadi 18. Kwa kijana, saa ya mwilini husogea mbele, na homoni ya usingizi huchelewa kutoka. Ndiyo maana saa nne usiku bado macho makavu. Familia nyingi za Kihindu huheshimu kuamka kabla ya jua kuchomoza. Ni desturi nzuri iwapo taa nazo huzimwa mapema. Mtoto yule wa soksi, kama alilala saa tano usiku, amepata saa sita na nusu tu.

Sasa tuseme amepimwa, anakula, analala, na bado amejikunyata. Mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, akihutubia vijana wa Madras mwaka 1897, aliwaambia kwamba mpira wa miguu ungewasogeza karibu na mbingu zaidi kuliko kuisoma Gita. Hakuwa akiidharau Gita. Alijua kwamba mtu aliyezama katika tamas haruki moja kwa moja hadi utulivu wa sattva. Hupitia rajas, yaani mwendo. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwatembeza watoto wa miaka tisa hivi kwa dakika 20, kisha wakawapa majaribio. Umakini wao ulikuwa bora kuliko walipokuwa wameketi tu. Basi mtume dukani kwa miguu kabla ya kumfungulia daftari, au tembeeni pamoja nje, kwenye mwanga wa asubuhi. Mahubiri yasubiri.

Ila mzazi mwenzangu, uzito ukiendelea wiki mbili tatu, mpeleke kituo cha afya apimwe damu na choo, na umweleze mhudumu namna anavyolala. Na ukungu ukija ghafla pamoja na homa, degedege, shingo kukakamaa au mtoto asiyeamka vizuri, usingoje kuche. Mkimbize hospitali usiku huohuo.