Mteja akisema ‘hii ni AI’, utamwonyesha nini?

UMEKESHA siku tatu ukichora bango la shoo ya rafiki yako. Macho mekundu, shingo inauma, bando limeisha mara mbili. Unalituma kwa WhatsApp. Dakika tano baadaye simu inalia: “Poa sana, lakini si hii umefanya na AI? Basi nitakupa soo tano.”

Kasirika, una haki. Ila swali hilo haliendi popote. Tangu programu za akili unde zianze kutema picha kwa sekunde chache, kila kazi safi inashukiwa, na anayeumia kwanza ni kijana asiye na jina wala studio, anayechorea kwenye simu ndani ya bedsitter.

Mchoraji wa nganya hana shida hii. Makanga, fundi na watoto wa mtaa wamemwona garejini wiki nzima akipuliza rangi. Wewe umefanyia kazi chumbani, na shahidi wako ni chaja.

Labda unasema jicho la mtu anayejua sanaa litatambua tu. Mwishoni mwa 2022, mchoraji wa Vietnam anayetumia jina Ben Moran alifungiwa nje ya ukumbi mkubwa wa sanaa kwenye Reddit kwa sababu msimamizi aliona mchoro wake unafanana na wa mashine. Alijitolea kuonyesha faili yake yenye matabaka yote ya mchoro. Akaambiwa abadilishe mtindo. Hebu fikiria: umejifunza miaka, halafu unaambiwa mkono wako unafanana na roboti.

Mwaka 2024 mambo yakapinduka. Mpiga picha Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe, wale ndege wa waridi tunaowajua Bogoria na Nakuru, kwenye kitengo cha AI cha tuzo za 1839. Ndege alikuwa ameinamisha shingo akijikuna, akaonekana kama hana kichwa. Waamuzi wakaipa nafasi ya tatu. Alipofichua kwamba ni picha ya kamera, ikaondolewa. Kwa hivyo jicho limekosea pande zote mbili. Na zile tovuti zinazokupa “asilimia 87 AI”? Nazo hukosea vilevile, usizifanye hakimu wako.

Ndiyo maana kampuni kubwa zimeamua kufuata safari ya picha badala ya sura yake. Adobe, Microsoft, BBC na wenzao waliunda muungano wa C2PA mwaka 2021. Mfumo wao hubandika kwenye faili rekodi iliyotiwa saini ya kidijitali: picha ilitengenezwa kwa kifaa gani, ikahaririwa na programu gani. Ichukue kama logbook ya gari. Itakuambia gari limetoka wapi, lakini haitakuapia kwamba dereva hakuwa amelewa. Tena ukipiga skrinshoti, rekodi inabaki nyuma. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na data zake kupotea; heri uitume kama dokumenti.

Waandishi wa vitabu nao wanajaribu. Januari 2025 chama cha Authors Guild cha Marekani kilianzisha muhuri wa kuonyesha kitabu kimeandikwa na binadamu. Mwandishi anatia saini kwamba ni kazi yake, basi. Msingi wake ni kuaminiana, na mteja wa soo tano hajafika hapo.

Kinachokusaidia wewe ni kitu ambacho huenda tayari unacho. Ukitumia ibisPaint kwa simu, programu hiyo huweza kurekodi mchoro wako ukikua, mstari kwa mstari. Procreate ya iPad hufanya hivyo pia, na Krita, ambayo ni ya bure kwa kompyuta, ina kirekodi chake. Hakikisha kimewashwa kabla hujaanza. Usiunganishe matabaka yote kuwa moja kwa sababu simu imejaa. Hifadhi nakala yenye matabaka kwanza. Piga picha ile michoro ya penseli unayochora nyuma ya risiti. Na usifute ule mkono uliochora vibaya mara nne.

Kuna mtu ataunda picha kwa AI kisha aifuatishe juu yake? Wapo. Lakini video yake hutoka na mistari iliyonyooka tangu mwanzo, hakuna kusitasita, hakuna pua iliyohamishwa. Anayejua kuchora ataguna.

Kusajili kazi KECOBO ni vizuri, ila kunaonyesha unadai umiliki tu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 humtambua aliyefanya mipango ya kazi iliyotengenezwa na kompyuta kuwa ndiye mwandishi wake, kwa hivyo cheti hakimwambii mtu nani alishika kalamu. Marekani ni tofauti. Februari 2023 ofisi yao ya hakimiliki ilikataa kulinda picha za kitabu cha katuni Zarya of the Dawn kwa kuwa zilitoka kwa mashine. Ukipata mteja wa huko akaanza kukuuliza maswali, si umbea. Anaogopa kununua kitu ambacho hawezi kukizuia kisiibiwe.

Binafsi inanikera, kama kufunguliwa mkoba kila mlango wa mall. Lakini mkoba tunafungua.

Sasa huyo wa soo tano. Mtumie ile video ya sekunde thelathini na bei mliyokubaliana, bila matusi. Akishikilia bado ni AI, mwambie aje achague chochote, hata kuku wa jirani, umchoree hapohapo akiangalia. Nauli ajilipie.