Kiingilio cha duka la ushirika kinalipa?

Msikilizaji mmoja wa Muleba ameniuliza: alipe kiingilio cha duka la ushirika mjini Bukoba, au aache? Tupige hesabu. Chukulia kiingilio ni shilingi 10,000, na mwanachama hupata nafuu ya shilingi 200 kwa kilo ya sukari. Fedha yake hairudi mpaka anunue kilo 50. Kaya inayotumia kilo 10 kwa mwezi itairudisha kwa miezi mitano. Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye kilo yake moja, atangoja zaidi ya miaka minne! Naye atokaye Muleba aongeze nauli ya basi, kwenda na kurudi.

Hisa ni jambo jingine. Wale 28 walioanzisha duka la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waligawana faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kwetu, Operesheni Maduka ya 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi kwa amri, na mengi yaliyoshika nafasi yao yakabaki na rafu tupu.

Kwa hiyo nimemshauri aulize kwanza kama wanachama huonyeshwa vitabu vya hesabu. Wakisitasita, achange na majirani wanne, wanunue mfuko wa kilo 50 na kugawana hapo hapo Muleba. Mizani waazime kwa muuza samaki.