Walrasi Aliyefika Moroko

Wasomaji wangu, leo nina deni la kulipa, nalo ni deni la ulimi.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya Isha, kahawa yazunguka kama ilivyo ada yetu. Mazungumzo yakamwangukia nguva, ambaye siku hizi ni nadra kuonekana. Kijana mmoja wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akasema kuwa hapo kale hata walrasi, yule mnyama wa barafuni mwenye masharubu na meno mawili marefu kama pembe za ndovu, aliishi pwani ya Afrika. Nikamkatiza. Nikamwambia walrasi ni wa bahari za kaskazini, na Afrika hajapata kuiona. Wazee wakacheka. Kijana akainamisha kichwa, asijibu, kwa adabu yake.

Usiku ule sikupata raha. Nikaanza kupekua vitabu, na niliyoyasoma yakanitia haya.

Alikuwako mnyama aitwaye Ontocetus. Hiyo ni jenasi, yaani jamaa, ya walrasi waliotoweka zamani, nasi twaijua kwa mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1859 Joseph Leidy, bingwa wa mifupa wa Philadelphia, alilieleza jino lililotoka North Carolina, Marekani. Akadhani ni la nyangumi, akalipa jina lenye nyangumi ndani yake, kwani "cetus" ni nyangumi kwa Kilatini. Kosa hilo lingali katika jina hadi leo, maana kwa wataalamu jina lililotangulia ndilo lenye haki.

Tusimcheke Leidy. Hata nguva wetu, Müller wa Ujerumani alipompa jina la kitaalamu mwaka 1776, alimtia katika jenasi moja na walrasi!

Baada ya Leidy kila nchi ikatoa jina lake. Uingereza ikatoa moja mwaka 1865, Ubelgiji jingine mwaka 1867, na Virginia lake mwaka 1906. Mfano wa samaki mmoja ambaye Lamu aitwa hivi na Vanga aitwa vile. Ndipo mwaka 2008 Kohno wa Japani na Ray wa Marekani wakaonyesha kuwa mengi ya majina hayo ni ya mnyama mmoja tu.

Ama habari ya Afrika ni hii. Kando ya mji wa Casablanca, Moroko, pana mahali paitwapo Ahl al Oughlam. Hapo, pamoja na mifupa ya fisi na nyani na paa, yenye umri wa kiasi cha miaka milioni 2.5, ilipatikana mifupa ya walrasi. Mwaka 1997 Denis Geraads wa Ufaransa aliieleza, akampa mnyama huyo jina lenye Afrika ndani yake.

Amefikaje huko? Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa walrasi wote ni watu wa barafu. Huyu hakuihitaji, mabaki yake yameonekana hadi Florida, penye joto. Meno yake yalikuwa mafupi kuliko ya walrasi wa leo, tena yamepinda zaidi. Mwaka 2024 wataalamu walieleza aina nyingine ya jenasi hiyo kwa mifupa ya Norwich na Antwerp, na taya lake laonyesha kuwa alikuwa akifyonza nyama ya chaza kutoka magambani, kama afanyavyo walrasi aliyebaki. Bahari zilipozidi kuwa baridi, Ontocetus akatoweka, na huyu wa barafu akashika mahali pake.

Juzi alasiri nilikwenda nyumbani kwa yule kijana kumtaka radhi. Mama yake alituletea sharubati. Kijana akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, mimi sina neno. Ila wenzangu mtaani hadi leo waniita Walrasi."

Ndiyo sababu nimeyaandika haya gazetini. Na kesho, baada ya Isha, nitayasema barazani, mbele ya wale wale waliocheka.