Ndege Ghali Kuliko Zote na Anga la Kericho

Kericho inashikilia rekodi ambayo wakulima wake wangefurahi kuwaachia wengine: mvua ya mawe. Katika mwaka mmoja zilihesabiwa siku 132 za mawe, na kwa wastani huanguka zaidi ya siku 50 kila mwaka. Anayeishi kati ya Ziwa Victoria na msitu wa Mau anaijua sababu. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka ziwani, hukutana na ule wa mashariki juu ya miinuko inayopita mita 2,000, na kufikia alasiri mawingu yamerundikana hadi kwenye baridi kali ya juu. Punje zenyewe ni ndogo, nyingi hazizidi njegere, na mara nyingi hunyesha kwa dakika chache tu. Lakini majani mawili na chipukizi, yale yanayochumwa, ndiyo laini kuliko yote kwenye mchai. Mawe yakishapita, majani hayo hubaki yametoboka na kuchanika, kingo zinaingia ukahawia, na mkulima wa Konoin au Bureti anasubiri wiki kadhaa kabla kichaka hakijatoa tena kitu cha kupeleka kituo cha kununulia majani.

Ninaanza na hali ya hewa kwa makusudi. Vijana wetu wanapobishana kuhusu ndege za kivita, na hubishana kwa moyo wote, mjadala huanzia kwenye kasi na makombora: ipi inaipita ipi, ipi haionekani kwenye rada. Ni maswali mazuri. Mimi naona swali linalostahili kuyatangulia ni hili: ndege hiyo inaweza kupaa leo, ikiwa na vipuri vyake, chini ya anga lililopo? Ukipima hivyo, orodha ya mabingwa inabadilika sana.

Ghali kuliko zote, ukihesabu mradi mzima, ni F-35 ya Marekani. Kampuni ya Lockheed Martin ilipewa kandarasi mwaka 2001, ndege ya kwanza ikaruka Desemba 2006, na wakaguzi wa serikali ya Marekani wanakadiria kwamba mradi mzima, kuanzia kubuniwa hadi ndege ya mwisho kustaafishwa, utameza zaidi ya dola trilioni 2. Sifa zake ni za kweli. Rada huipata kwa shida. Kamera zilizopachikwa pande zote za mwili wake humwonyesha rubani, ndani ya kioo cha kofia yake, hata kilicho chini ya miguu yake. Hukusanya habari za vita na kuzigawia ndege nyingine papo hapo. Tatizo lilianzia kwenye wazo lenyewe: umbo moja lihudumie jeshi la anga, lihudumie meli kubwa za kubeba ndege, na pia litue wima kwa ajili ya askari wa majini. Kila mmoja alidai lake, na kila dai likaongeza uzito, miaka na gharama kwa wengine.

Kisha likaja suala la radi. Mwaka 2020 mafundi waliokuwa wakiikarabati walikuta mabomba yaliyoharibika ndani ya mfumo unaosukuma gesi yenye naitrojeni kwenye matangi ya mafuta. Kazi ya gesi hiyo ni kuiondoa oksijeni, ili radi ikipiga mvuke wa mafuta usilipuke. Bomba likiharibika, kinga hiyo haina uhakika tena. Kwa hiyo F-35A, ile ya jeshi la anga, ikaamriwa kukaa angalau maili 25 kutoka penye radi, na amri hiyo ikadumu miaka kadhaa. Maili 25 ni zaidi ya kilomita 40, umbali usiopishana sana na wa Kericho mjini hadi Bomet mjini ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Radi ikipiga Kericho saa tisa alasiri, ndege ya mradi ghali kuliko yote duniani isingeruhusiwa kulisogelea wingu hilo hata kutokea upande wa Bomet.

Ndege ndogo ziliwahi kuyasogelea mawingu kama hilo, ili kuzuia mawe. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu kwanza kurusha roketi zenye baruti kutoka mashambani, zilipuke ndani ya wingu. Baadaye wakaja marubani wa kampuni ya Atmospherics Incorporated ya Fresno, California. Waliruka chini ya tumbo la wingu, pale hewa inapopanda kwa nguvu, wakichoma fataki za iodidi ya fedha ili chembe zake zifyonzwe juu. Nia ilikuwa maji ya wingu yagawanyike katika punje nyingi ndogo zitakazoyeyuka kabla ya kufika kwenye chai. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1970. Nawaheshimu sana marubani wale, kwa sababu walikwenda kila siku mahali ambapo rubani yeyote hufundishwa kupaepuka. Katika utafiti wake mwanasayansi Russell Schnell aligundua jambo la kushangaza: vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka lina uwezo mkubwa wa kugandisha maji ya mawingu. Huenda shamba lenyewe linachangia mawe yanayoliangukia.

Turudi kwenye mabingwa. Kwa kasi, kati ya ndege za kivita zilizoingia jeshini, hakuna iliyoipita MiG-25 ya Umoja wa Kisovieti. Kikomo chake rasmi kilikuwa mara 2.83 ya kasi ya sauti, na ilipovuka hapo injini ziliweza kuharibika kabisa. Tarehe 31 Agosti 1977 Alexander Fedotov aliifikisha ile ya majaribio kwenye kimo cha mita 37,650, na rekodi hiyo ya ndege za jeti haijavunjwa. Nchi za Magharibi ziliihofia kupita kiasi mpaka Septemba 1976, rubani Viktor Belenko alipotoroka nayo na kutua Hakodate, Japani. Wataalamu wa Magharibi walipoifungua walikuta chuma kizito cha pua na vifaa vya elektroniki vyenye valvu za kizamani. Ilikuwa imeundwa kwa kazi moja, kuwahi mbali na juu, na kwa mapambano ya kugeukana angani haikufaa.

Kwa wingi, bingwa ni MiG-21: zaidi ya 10,000 zilitengenezwa, na hakuna ndege nyingine ya kivita inayopita kasi ya sauti iliyotengenezwa kwa wingi huo. Afrika Mashariki tunaijua vizuri. Uganda ya Idi Amin ilikuwa nayo, Somalia ilikuwa nayo, na Tanzania ilitumia nakala yake ya Kichina. Kwenye karatasi ilikuwa na kasi mara mbili ya sauti. Lakini katika vita vya Ogaden, kuanzia Julai 1977, MiG-21 za Somalia zilikutana na F-5E chache za Ethiopia, ndege ndogo zaidi isiyofika mbio hizo, na F-5 zikashinda. Waethiopia walikuwa na mafunzo bora, rada iliyowaelekeza na makombora ya kuaminika. Legesse Teferra, rubani wao mashuhuri kuliko wote wa vita vile, baadaye aliangushwa na kukaa kifungoni Somalia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa kukosa shabaha, hakuna kinachofikia shambulio la Libya dhidi ya Mwanza mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vya Kagera kati ya Uganda na Tanzania. Ndege ya mabomu aina ya Tu-22, inayopita kasi ya sauti, ilitumwa kumsaidia Amin kwa kupiga ghala la mafuta. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Ghala halikuguswa.

Ile F-5 ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ni ardhi ya Uganda kihistoria. Alikuwa akirejelea jimbo la mashariki la Uganda lililohamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902, na milima hii ya Kericho ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Wakati huo Uganda ilikuwa na MiG na Kenya ilikuwa na ndege chache za Kiingereza, Hunter na Strikemaster. Mwaka huohuo Kenya ikakubaliana na Marekani kununua F-5 kumi na mbili, na zikaanza kuingia mwaka 1978.

Sifa ya F-5 ni wepesi wake. Kampuni ya Northrop iliijenga kwa nchi zisizo na fedha nyingi: injini mbili ndogo, vipuri vinavyopatikana, fundi anayeweza kuufikia mtambo bila kubomoa nusu ya ndege. Mfano wake wa kwanza ulivuka kasi ya sauti siku uliporuka mara ya kwanza, Julai 1959. Kasi yake ya juu ni kama mara 1.6 ya sauti, basi. Hata hivyo ndiyo iliyopelekwa Somalia katika Operesheni Linda Nchi kuanzia Oktoba 2011, na ni ndege za Kenya zilizoshambulia kambi za kundi la al-Shabaab huko Gedo Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa na kundi hilo katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Imepitia pia jaribio ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walioongozwa na Hezekiah Ochuka walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kwa bunduki kupaa na mabomu kuelekea Nairobi. Kama ilivyosimuliwa baadaye, mwasi mmoja aliketi kiti cha nyuma cha F-5 yenye viti viwili akiwa na silaha. Marubani wakaanza kuzigeuza ndege kwa ukali, mizunguko mikali isiyozoeleka kwa mtu ambaye hajafunzwa, mpaka mlinzi wao akalegea na kuugua. Mabomu wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi kambini. Jeshi la anga lenyewe lilivunjwa baada ya jaribio hilo, na halikurudishiwa jina la Kenya Air Force hadi mwaka 1994. Ninapoulizwa ubora wa ndege unatoka wapi, huwakumbuka marubani wale.

F-5 ilipata mrithi aliyekosa mnunuzi. Northrop ilitumia zaidi ya dola bilioni moja za mfuko wake kuunda F-20 Tigershark, yenye injini moja yenye nguvu na rada mpya. Zilijengwa tatu. Mbili zikaanguka, moja Korea Kusini mwaka 1984 na nyingine Goose Bay, Kanada, mwaka 1985, na marubani wote wawili wakafa. Inaaminika walipoteza fahamu kwa mkandamizo wa mizunguko mikali. Hakuna nchi iliyonunua hata moja, kwa sababu F-16 ilikuwa imeruhusiwa kuuzwa nje na kila mtu akataka ile ambayo Marekani yenyewe inairusha. Mwaka 1986 mradi ukafungwa.

Kwa kuchelewa, India ina Tejas: iliidhinishwa 1983, ikaruka 2001, ikaunda kikosi 2016. Injini ya nyumbani iliyokusudiwa iitwayo Kaveri haikufikia nguvu iliyotakiwa, na ndege ikabaki kutegemea injini za Marekani.

Hapa kwetu, dau kubwa lilichezwa na Uganda. Ilinunua Su-30MK2 sita kutoka Urusi, zikaanza kufika mwaka 2011, katika ununuzi wa takriban dola milioni 740 uliojumuisha zana nyingine. Fedha zilitolewa Benki Kuu kabla ya Bunge kuidhinisha, na gavana wake wa wakati huo, Emmanuel Tumusiime-Mutebile, alilalamika hadharani. Su-30 ni ndege yenye uwezo mkubwa, huenda mbali na kubeba mzigo mzito. Lakini adui wa Uganda kwa miaka mingi amekuwa waasi wa msituni, na sijaona hoja iliyonishawishi kwamba waasi wa msituni wanahitaji kufuatwa na ndege ya aina hiyo.

Kenya nayo ilinunua F-5 kuukuu kutoka Jordan kuelekea mwisho wa muongo wa 2000, na maswali yakazuka Bungeni na magazetini: kwa nini ndege zilizochoka? Wasiwasi ulikuwa halali. Hata hivyo, vyuma vipya si dawa ya kila kitu. Machi 2023, kwa mujibu wa wakaguzi wa Marekani, F-35 zao zilikuwa tayari kwa kazi asilimia 55 tu ya wakati, kwa uhaba wa vipuri na karakana. Juni 2025 F-35B ya Uingereza ilitua Thiruvananthapuram, Kerala, ikaharibika, na ikakaa huko, msimu wa mvua za masika, zaidi ya wiki tano huku wahandisi wakiletwa kutoka Uingereza.

F-5 zetu zimevuka miaka 45 tangu zile za kwanza zitue Nanyuki, na siku ya kuzibadilisha itafika. Wabunge wa Kericho na Bomet watakapoletewa jina la ndege mpya, nataka waulize bei ya saa moja ya kuruka, nani anatengeneza injini na anaweza kuzuia vipuri, na nyumba ya kuihifadhia itajengwa kwa fedha zipi. Ripoti ya ndege ngapi ziko tayari kila mwaka itolewe wazi, kama wakaguzi wa Marekani wanavyofanya kwa F-35 yao bila kuona aibu.