Mwizi wa Stroberi Afumwa

Mwaka 1883 William Morris, msanii wa mapambo wa Uingereza, alichora kitambaa alichokiita Strawberry Thief, yaani Mwizi wa Stroberi. Wezi wenyewe ni ndege wenye madoadoa kifuani waliokuwa wakijipenyeza chini ya nyavu za bustani ya Kelmscott Manor, nyumba yake ya mashambani, na kudokoa matunda yaliyoiva. Zaidi ya miaka 140 baadaye mchoro ule umeenea kwenye vikombe, mikoba na mapazia, na wafumaji wa kroshia nao wanautolea mablanketi. Baadhi yanapendeza mno. Mengine yana ndege, stroberi na majani yote, lakini ukiyatazama Morris humwoni. Sababu iko kwenye ufundi wenyewe.

Kitambaa kile hakikuchapwa juu ya nguo nyeupe. Katika kiwanda cha Morris pale Merton Abbey, kusini mwa London, pamba ilichovywa kwanza yote kwenye nili mpaka ikawa bluu iliyokolea. Kisha vibao vya mbao vilivyochongwa vikagonga dawa ya kuondoa rangi: palipopata dawa kali pakawa peupe, palipopata dawa hafifu pakabaki bluu ya mbali. Ndipo zikafuata nyekundu na manjano, na manjano ilipoangukia juu ya bluu ile hafifu, kijani kikatokea. Kazi ilichukua siku kadhaa na kitambaa kilikuwa ghali. Lakini faida yake ni kwamba rangi zake nyingi ni ndugu wa tumbo moja, hazigombani.

Kroshia haifanyi kazi hivyo. Kila rangi hutoka kwenye donge lake la uzi, limetiwa rangi peke yake kiwandani, halina udugu na lingine. Tena mchoro haulali juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Mfumaji anavuta uzi kwa sindano ya ncha iliyopinda, anaupitisha kwenye kitanzi, anapata fundo moja, na fundo hilo ndilo blanketi na ndilo picha kwa wakati mmoja. Kwa uzi wa unene wa kawaida, sentimita 10 hubeba takribani mafundo 16 mafupi, kwa hiyo fundo moja lina upana wa milimita 6 hivi. Stroberi ya sentimita 3 inapewa mafundo 5. Kwa mafundo 5 unapata doa jekundu ambalo mtu anaweza kulidhania nyanya. Jicho la ndege, ambalo Morris alilimaliza kwa nukta, ama linakuwa fundo zima, kubwa kupita kiasi, ama halipo.

Wanaojua vitambaa vya makochi watasema: mbona sisi tunafuma tausi na mawaridi, na wanatambulika? Ni kweli. Lakini pale uzi ni mwembamba sana, rangi ni moja, na picha inajengwa kwa vijumba vilivyojazwa na vilivyoachwa wazi. Blanketi la sufu haliwezi kuachwa na matundu namna hiyo. Baridi ya Uingereza itapita humo humo.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wameshafika mbali. Ukifuma kwa kuzunguka bila kugeuza kazi, mafundo mafupi hayakai moja kwa moja juu ya mengine. Kila mstari unasogea kidogo upande mmoja. Sasa tazama mchoro wa Morris: ndege wake wanakaa wawili wawili kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Ukiufuma hivyo, ndege mmoja anatoka na mgongo laini, mwenzake anatoka na mgongo wa ngazi. Kufuma kwenda na kurudi kunapunguza mwinamo huo, ila nyuzi zisizotumika kwa kawaida hubebwa ndani ya mafundo, na kadiri rangi zinavyoongezeka blanketi linakuwa zito na gumu kama zulia.

Kwa maoni yangu, mfumaji mwenye akili huwaacha ndege na kuchukua mambo mawili. La kwanza ni rangi: atandaze madonge yake na kutupa kila kijani kisicho na bluu ndani yake na kila nyekundu inayong'aa kama plastiki. La pili ni mifupa ya mchoro. Katika mhadhara wake wa mwaka 1881 jijini London kuhusu uchoraji wa mapambo, Morris alipanga aina za misingi ambayo mapambo hujengwa juu yake: mistari, miraba, matawi, wavu. Kroshia inaimudu misingi hiyo vizuri. Vipande vya pembe nane vikiunganishwa huacha miraba midogo katikati, na macho yanaona wavu unaotambaa bila mwisho, na hiyo ndiyo raha ya kitambaa cha Morris hata kabla hujamwona ndege.

Asiyekubali hili akumbuke kwamba Morris mwenyewe hakuwa akinakili. Alizitazama kwa makini nguo na mazulia ya kale kwenye jumba la makumbusho la South Kensington, na mwaka 1893 alilishauri jumba hilo linunue zulia la Ardabil la Uajemi. Alichochukua kutoka huko ni namna mashina yanavyopishana na namna rangi zinavyopumzishana.

Na anayewataka ndege kwa vyovyote vile awadarizi juu ya blanketi lililokwisha kufumwa. Sindano ya kudarizi haifungwi na milimita 6. Inapita katikati ya fundo, inazunguka bawa, inaweka jicho mahali pake. Udarizi ulikuwa kazi ya nyumbani kwa kina Morris. Yeye alijifunza akiwa kijana, mkewe Jane alidarizi, na binti yao May alikabidhiwa idara ya udarizi ya kampuni ya baba yake mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 23.